Wanaume wanaeleza, wanawake wanalia: filamu ya mshairi wa Kaloleni

SWALI: Mwalimu, hujambo. Ninatengeneza filamu ya makala kuhusu mshairi aliyekulia mtaa wa Kaloleni, Nairobi, akaandika kwa Kiswahili na Sheng, akanywa sana, akafa na miaka 52. Mkato wa kwanza una dakika 70. Nimewahoji watu 14: wanaume 12 na wanawake 2. Mjane anaongea dakika tatu, nyingi analia. Mhudumu wa baa ana sekunde 40. Wafadhili wametazama wakasema filamu haina uwakilishi, niongeze wanawake na watu wa jamii nyingine kabla hawajatoa pesa za mwisho. Nimebakiwa na fedha za siku nne za kupiga picha. Kusema kweli naona wanataka mapambo, maana dunia ya mshairi huyu ilikuwa ya wanaume na baa. Nifanyeje bila kuiharibu filamu? — Mwelekezi, Umoja

JIBU: Ndugu mwelekezi, wafadhili wako wameona kasoro ya kweli, ila marekebisho wanayoyataka hayataiondoa. Ukileta wanawake watano zaidi waseme "alikuwa na roho nzuri, pombe tu ndiyo iliyomharibu", ripoti itapendeza na filamu itabaki ileile. Nyuso si tatizo lako kubwa. Tatizo ni jinsi ulivyogawa kazi. Nani ameachiwa kuyafafanua mashairi? Nani anatoa tarehe, majina na sababu? Nani anaruhusiwa kumhukumu marehemu? Na nani ameitwa aje alie? Kwa maelezo yako mwenyewe, wanaume wameshika kazi zote tatu za kwanza.

Kabla ya kumpigia mtu simu, kaa siku mbili na jedwali. Chapisha maneno yote yaliyomo kwenye mkato, pamoja na dakika na sekunde ambapo kila sauti inaanza na kukoma. Kila kipande cha usemi kipe mstari wake: jina la msemaji, sekunde, lugha, mahali alipoketi, na maandishi yanayomtambulisha kwenye skrini. Kisha weka safu ya kazi, ambamo utaandika herufi moja tu. T ni taarifa, F ni kufafanua shairi, H ni hukumu, K ni kumbukumbu ya tukio, na M ni moyo, yaani hisia zisizo na habari ndani yake. Safu ya mwisho iulize swali moja: alikuwapo, au alisikia? Jumlisha sekunde za kila herufi, wanawake kando na wanaume kando. Halafu rudia hesabu kwa waliofika chuo kikuu na wasiofika, maana mara nyingi pengo la pili ni pana kuliko la kwanza na wafadhili hawaligusi.

Safu ya mwisho ndiyo itakayokusaidia zaidi. Filamu za washairi walevi hujaa hekaya. Shairi liliandikwa nyuma ya pakiti ya sigara, mswada ulisahauliwa kwenye matatu, jamaa alipanda juu ya meza ya baa akaghani hadi polisi wakaja. Hekaya moja husimuliwa na wanaume wanne kwa zamu, na ukiwabana mmojammoja unagundua watatu waliisikia kwenye matanga. Mbakishe aliyekuwapo. Kama hakuna aliyekuwapo, iache kama hekaya na useme wazi kuwa ni hekaya, au itoe. Mkato wa dakika 70 wenye wasemaji wengi wanaorudiana unaweza kupungua dakika kumi au zaidi kwa njia hii, na habari isipotee hata moja. Nafasi ya sauti mpya itatoka hapo. Usikubali kurefusha filamu ili kuwatosheleza wafadhili. Dakika za ziada hukatwa baadaye na kituo cha televisheni, na wa kwanza kukatwa huwa ni wale walioongezwa mwisho.

Hesabu ya vichwa inafaa kama king'ora, na 12 kwa 2 ni king'ora kikubwa. Lakini usiichukue kanuni ya Katiba, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili, ukaigeuza kipimo cha filamu. Kifungu cha 27(8) kinahusu vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na filamu yako si kamati ya bunge la kaunti.

Sasa hili la dunia ya wanaume na baa. Hapo nakupinga. Baa za Eastlands zinaendeshwa na nani? Daftari la madeni liko mikononi mwa nani? Anayepima chang'aa, pombe kali ya kienyeji, anaitwa mama pima, na yeye ndiye anayejua nani alinunulia nani, nani alilipa, nani alibebwa hadi nyumbani. Pumwani, si mbali na hapo, wanawake walimiliki nyumba na kuzipangisha tangu enzi za ukoloni. Kodi ya nyumba ya baraza la jiji ililipwa na mtu kila mwezi, na mlevi halipi kodi miaka ishirini mfululizo bila kukosa. Mswada nao ulipigwa taipu na mtu. Hata kwenye fasihi yenyewe, Micere Githae Mugo alikuwa akiandika na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya sabini, na Marjorie Oludhe Macgoye aliandika mashairi huku akisimamia duka la vitabu katikati ya jiji, ambako waandishi walikutana kusoma kazi zao. Watafute wanawake walioandika wakati mmoja na mshairi wako na uwaulize swali la kifundi: mizani yake ilikuwaje, aliiba kutoka kwa nani, wapi alizembea. Usiwaulize kama aliwatongoza. Wakitaka kulisema watalisema wenyewe.

Mjane ndiye wa kwanza kurudiwa. Alilia dakika tatu kwa sababu aliulizwa maswali ya kilio. "Ulijisikiaje" huleta machozi; "ilikuwa saa ngapi" huleta habari. Mpelekee mashairi sita au saba yaliyochapwa kwa herufi kubwa, saizi 18 hivi, mwachie kwa wiki moja, kisha mwambie achague matatu. Kama hasomi, mtu wa nyumbani amsomee kwa sauti, mara mbili. Siku ya kurekodi anza na vitu: alikuwa akikaa wapi akiandika, taa ilikuwa ya umeme au ya mafuta, daftari lilitoka wapi na nani alilinunua, watoto walikuwa wamelala au wako macho. Kisha ingia kwenye mistari: neno hili lilikuwa hivi tangu mwanzo au alilibadilisha? Unajua ni nani anayesemwa katika ubeti wa tatu? Mwisho uliza: shairi gani lake hulipendi, na kwa nini? Jibu la swali hilo ni F na H kwa pamoja, na ndilo litakalompa mjane uzito sawa na profesa. Usizidishe dakika 90 kwa kikao kimoja. Akichoka, rudi kesho. Kesho ni nafuu kuliko mahojiano yaliyokwisha kwa uchovu na ukajikuta umebaki na machozi tena.

Angalia pia maandishi ya utambulisho. Kwenye mikato mingi mwanamume anaandikwa "mhakiki", "mchapishaji", "rafiki", na mwanamke anaandikwa "mjane wa marehemu". Mwandike kwa kazi yake. Kama ni fundi cherehani wa soko la Kariokor, iwe hivyo. Kwamba alikuwa mkewe itajulikana kwa sentensi yake ya kwanza. Na mahali pa kuketi ni vivyo hivyo. Mwanamume mbele ya rafu ya vitabu, mwanamke kwenye kochi lenye vitambaa: mtazamaji ameshaambiwa nani wa kuaminiwa kabla hawajafungua kinywa. Lakini usiamue peke yako kumhamisha. Huenda kochi lile na vitambaa vile ni fahari yake, na mezani pa cherehani ataona aibu. Muulize.

Chumba cha futi kumi kwa kumi hakihitaji watu wengi. Wewe, mpiga kamera na mtu wa sauti, basi. Kama mazungumzo yatagusa kupigwa, bora angalau mmoja kati ya hao watatu awe mwanamke, na si kwa kukaa mlangoni akishika taa. Rekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba kabla ya kufungua vifaa, maana mabati na matatu za Jogoo Road zitabadilika kila nusu saa na mhariri atakuwa hana cha kuzibia.

Mama pima na mhudumu wa baa wana hatari ambayo wanaume wako 12 hawana. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliiondoa chang'aa kwenye marufuku, lakini ni ile iliyotengenezwa kwa viwango, ikafungwa kwenye chupa na kuuzwa kwa leseni. Inayopimwa kwa kikombe uani bado ni kosa, na uso wa anayepima kwenye filamu yako ni ushahidi. Hapa ndipo waelekezi wengi hukosea. Wanaficha uso kwa ukungu, wanaubadilisha mlio wa sauti, na mwanamke mwenye kumbukumbu bora kuliko wote anatokea kwenye skrini akifanana na mshukiwa. Njia safi zaidi ni kumhoji kuhusu yaliyopita: biashara aliyoacha, nyumba iliyobomolewa, daftari alilotunza. Mketishe kwingine kabisa, kanisani au sokoni, aonekane wazi na aseme kwa wakati uliopita. Kama bado anauza, rekodi sauti tupu na uiweke juu ya picha za mikono, barabara na maandishi ya mashairi, bila dirisha, lango wala alama inayoitaja ploti. Sauti nzuri isiyo na uso ina hadhi kuliko uso uliofunikwa.

Kuhusu malipo, usinunue ushuhuda, lakini fidia siku iliyopotea. Profesa akija kwenye mahojiano mshahara wake unaendelea. Mwenye kibanda anafunga kibanda. Weka kiwango kimoja cha nauli, chakula na fidia ya siku, kwa mfano Sh2,000, na ukitoe kwa kila mtu bila kuangalia cheo. Kiamue kabla ya kuanza, kiandike kwenye bajeti, lipa baada ya kurekodi. Wakijua mmoja alipewa zaidi, mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Jamii nyingine. Naomba usifanye orodha ya makabila, Mluo mmoja, Mkikuyu mmoja, Mluhya mmoja. Mtazamaji wa Nairobi atasoma majina kwenye skrini na kufanya hesabu yake mwenyewe, na ataliona hilo kama hesabu ya baraza la mawaziri. Fuata kazi iliyofanyika. Nani alichapisha kijitabu chake cha kwanza? Kama ni mchapishaji wa Kihindi wa River Road, mhoji kwa sababu yeye ndiye aliyekataa au kukubali neno la matusi kwenye ukurasa wa saba, na anakumbuka nakala ngapi zilirudi bila kuuzwa. Nani alimfundisha Kiswahili cha ushairi? Kama ni mzee wa Pumwani aliyetoka pwani, huyo ana kazi ya F. Nani alipigia ngoma maghani yake? Ukiuliza kazi, mseto wa jiji utajileta wenyewe, na kila aliyeletwa atakuwa na la kusema.

Lugha ndiyo sehemu ambayo nafasi hupotea bila mtu kuiona. Mruhusu kila mmoja aseme kwa lugha anayoifikiria, hata kama ni Dholuo au Kikamba na wewe huielewi. Utahitaji mkalimani chumbani, na mtu wa pili, asiye huyo mkalimani, wa kuandika maneno baadaye. Mkalimani wa chumbani hufupisha kwa heshima, na vilivyofupishwa huwa ndivyo vitamu. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita za kuandikwa kwa Kiswahili tu, na zaidi kama kuna tafsiri. Usiweke maandishi ya chini kwa mhudumu wa baa anayesema Kiswahili cha Nairobi huku profesa anayekula nusu ya maneno yake kwa Kiingereza akiachwa bila maandishi. Ama wote, ama hakuna. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40, na mwendo uwe herufi 12 hadi 15 kwa sekunde. Mstari wa herufi 40 hubeba maneno sita au saba ya Kiswahili, kwa hiyo utalazimika kupunguza; punguza marudio, usiguse Sheng. Ukiigeuza Sheng ya mshairi kuwa Kiswahili sanifu umempoteza.

Kuna pia suala la anayeghani. Mazoea ni kumtafuta mwigizaji mzee mwenye sauti nzito asome mashairi yote. Sauti hiyo inaifanya filamu nzima iseme kwa mdomo wa mwanamume mmoja, hata kama wanawake wamejaa kwenye mahojiano. Wagawie wale wanaoyajua: mjane matatu aliyochagua, binti moja, rafiki wa baa moja, kijana wa Kaloleni wa leo yale ya Sheng. Lafudhi zitofautiane. Kama una nakala ya sauti yake mwenyewe kutoka hifadhi ya redio ya taifa, KBC, itumie mara moja au mbili, isijibiwe na mwigizaji. Na kama kuna fedha ya lugha ya ishara, usimweke mkalimani kwenye kisanduku cha pembeni wakati shairi linasomwa. Mpe shairi moja msanii kiziwi alighani kwa mikono, skrini nzima yake.

Kwenye picha za zamani, rudi kwenye chapa asili. Gazeti likichapisha picha ya waandishi, lilikata pembeni ili itoshe safu, na waliokatwa mara nyingi ni wanawake waliosimama mwisho wa mstari. Omba kuona upande wa nyuma wa picha, ambako majina yote huandikwa kwa kalamu, na kama hasi ipo, yaani ule utepe wa filamu uliotumika kutolea chapa, omba ichanganuliwe upya. Hasi ina faida nyingine. Rangi za Kodak za enzi hizo zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ndiyo maana kwenye picha za baa watu weusi zaidi wamegeuka vivuli. Maelezo ya nyuso zao mara nyingi bado yamo kwenye hasi ingawa chapa imeyameza. Kwa picha zako mpya, usipime mwanga kwa ukuta mweupe nyuma ya msemaji. Pima uso. Ngozi nyeusi sana hukaa vizuri karibu na asilimia 35 hadi 50 ya kipimo cha mwangaza, ya maji ya kunde juu kidogo; taa iwe pana, laini, itoke ubavuni, na uombe mtu asivae shati jeupe.

Sasa mirathi, kwa sababu hapa uwakilishi unaacha kuwa suala la hisani. Mashairi yana hakimiliki hadi miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mwandishi, na hakimiliki hiyo ni mali ya urithi. Saini ya kaka mkubwa aliyekukaribisha chai haitoshi. Uliza nani ana barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kama hakuna, msimamizi wa kisheria bado hayupo. Sheria ya Urithi inamtambua pia mke aliyeolewa kimila, na mtoto wa nje ambaye marehemu alimkubali. Kama familia ni ya Waislamu, mgawanyo unafuata sheria ya Kiislamu. Mshairi aliyeishi maisha ya namna hii kwa kawaida ana nyumba zaidi ya moja, na mke wa pili ambaye hukumhoji kwa kuogopa kumuudhi wa kwanza ndiye atakayekuja na wakili wiki ya uzinduzi. Mtafute mapema. Wahoji siku tofauti, mahali tofauti, na usimwambie mmoja alichosema mwingine.

Barua ndizo zinazowanasa wengi zaidi. Barua ambazo mke alimwandikia mshairi, hata kama umezipata kwenye sanduku la mshairi, hakimiliki yake ni ya mke aliyeziandika. Karatasi ni ya warithi, maneno ni yake. Huwezi kuzisoma kwenye filamu kwa idhini ya warithi pekee.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu afya, asili ya kabila, hali ya ndoa na habari za familia kuwa data nyeti. Kazi za sanaa na uandishi wa habari zina msamaha fulani ndani ya sheria hiyo, ila usiutegemee kama kinga ya kila kitu. Fomu ya idhini iwe kwa lugha ya anayesaini, isomwe kwa sauti kamera ikiwa inarekodi, na iseme hadi lini anaweza kujitoa. Tarehe nzuri ni siku ya kufunga picha, yaani mpangilio wa vipande unapokamilika na haubadilishwi tena. Kabla ya siku hiyo mwonyeshe vipande vyake mwenyewe, si filamu nzima.

Pombe na vurugu. Filamu ya aina hii ina njia moja nyepesi ya kujipanga: alikunywa, kwa hiyo aliandika. Ipime kabla hujaiamini. Tengeneza kalenda ya mashairi kwa miaka, weka kando kalenda ya kazi, ya ugonjwa na ya miezi ya kulewa kupindukia, kisha ulinganishe. Charles Bukowski wa Marekani, ambaye jina lake ni kama nembo ya washairi walevi, alifanya kazi ya posta Los Angeles zaidi ya miaka kumi, na aliiacha mwaka 1969 baada ya mchapishaji John Martin kumwahidi dola 100 kila mwezi. Yaani nyuma ya chupa kulikuwa na ratiba na mshahara. Kamera iliwahi pia kumnasa akimpiga mateke Linda Lee, aliyekuja kuwa mkewe, wakiwa wameketi kochini wakihojiwa, na waliotengeneza filamu juu yake baadaye waliiacha picha ile ionekane. Uamuzi wa namna hiyo unakungoja. Ukiwa na ushahidi wa kipigo, usiufute ili kumlinda marehemu, wala usiuweke dakika ya 68 kama kishindo. Uweke pale ulipotokea kwenye maisha yake, umwache aliyepigwa aamue kama ataeleza yeye au utasema wewe kwa maandishi, na sentensi inayofuata isiwe ya rafiki wa baa anayesema "lakini alikuwa anatupenda wote". Mpangilio huo wa vipande viwili ni H ya mhariri, na watazamaji huisikia.

Muangalie pia anayeshika hifadhi ya maandishi. Mwandishi Dambudzo Marechera wa Zimbabwe alirudi Harare mwaka 1982 kwa ajili ya filamu iliyotokana na kazi yake, akagombana na mwelekezi, timu ikaondoka, yeye akabaki akilala mabarazani, na alikufa mwaka 1987. Maandishi yake mengi yalikusanywa na kuchapishwa baadaye na Flora Veit-Wild, ambaye miaka mingi baada ya hapo alieleza hadharani kwamba walikuwa wapenzi. Kazi yake ya uhifadhi haipungui thamani kwa hilo, lakini mtazamaji anastahili kujua msemaji amesimama wapi. Kwenye filamu yako, mchapishaji mwenye mikataba, rafiki anayemiliki madaftari na mwanasiasa aliyelipa mazishi wote wana maslahi. Yataje.

Itakuwaje wakikataa? Wengine watakataa, na wana haki. Usipige picha ya kiti kitupu, imechosha. Andika kwenye skrini sentensi moja kwamba aliombwa kuzungumza akakataa, na hata hiyo umwombe ruhusa kwanza.

Siku zako nne ningezipanga hivi. Ya kwanza mjane na mashairi, asubuhi, na mchana picha za kazi yake. Ya pili mke mwingine au binti. Ukiwapata wote wawili, gawa siku ya tatu. Ya tatu mama pima au mhudumu, kwa saa wanazotaka wao, ambazo kwa kawaida ni kabla ya saa sita mchana. Ya nne mshairi mwanamke wa rika lake na mchapishaji. Picha za Kaloleni unazo tayari, usiongeze nyingine za machweo. Kwenye wale 12 baki na sita au saba: aliyekuwapo kwenye matukio, anayejua mizani, na mmoja asiyempenda marehemu. Profesa abaki, lakini asiwe wa kwanza wala wa mwisho kusema. Jaribu kumweka mjane afafanue shairi, kisha profesa ndiye amjibu yeye.

Ukiwaandikia wafadhili, watumie jedwali lako, la kabla na la baada, sekunde kwa herufi. Waambie watu wapya ni wangapi na kila mmoja ana kazi gani. Mfadhili aliyesema "ongeza wanawake" kwa kawaida hakuwa na maneno mengine ya kulisema alilolihisi, na jedwali litampa.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu huenda ikaupa mkato wako daraja la 16 au 18 kwa pombe na vurugu. Ukipata la 18, televisheni haitauonyesha kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, kwa hiyo panga pia maonyesho ya ukumbi wa Kaloleni, ambako waliohojiwa watakaa viti vya mbele. Mwishoni mwa majina weka 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, kwa wenye tatizo la pombe, na 1195 ya ukatili wa kijinsia. Zikae kwenye skrini sekunde nane, mtu apate muda wa kutoa simu mfukoni.